Posa ya Bwana Must

Usiku wa jana niliota, na kitu cha kwanza nilichokiona ni birika la Shangazi Mwanakombo likiwa limejitanda kanga. Sikushangaa. Nyumba ilikuwa na wageni.

"Ingia ndani, mwari," birika likaniambia. "Wamekuja kukuposa."

Hilo nalo halikunishangaza, maana kesho yake watu wa Nassibu, fundi wa mafriji, walikuwa waje kweli na posa. Kwetu msichana huulizwa mara tatu, na akinyamaza amekubali. Na mimi ni mtu wa kunyamaza. Hata nikiuziwa nyanya zilizooza hunyamaza, nikazipika.

Ukumbini Nassibu hayumo. Wamekaa mabwana watatu ninaowafahamu kutoka kwa binamu yangu Mwanaidi, ambaye jioni nzima alikuwa akikariri kwa sauti kanuni za vitenzi visaidizi vya Kiingereza cha mtihani huku mimi nikikuna nazi: Must, Can na Would. Kila mmoja amekuja na mshenga wake.

"Nani jina lako?" ananiuliza Must. Kanzu yake imepigwa pasi hata kola ingekata mkate.

"Siwema."

"Leo unaitwa Go. Wewe ni kitenzi. Vua mtandio, vua hereni, vua viatu. Anayetufuata sisi huja bila kitu mbele wala nyuma."

Navua. Hereni zinalalamika kwamba sakafu ina baridi.

Mshenga wa Must, anayeitwa Surely, anajipenyeza katikati yetu. "Nipisheni. Mshenga hukaa kati ya bwana na kitenzi, la sivyo maneno hayaendi." Anakohoa, kisha anatangaza: "Hakika lazima uende."

"Niende wapi?"

"Hilo halituhusu."

Can naye anasogea. "Taratibu, ndugu yangu. Kwangu mimi anaweza kwenda kwa urahisi kabisa. Mshenga wangu Easily ana baiskeli." Anakaa ubavuni mwa Must, na papo hapo mkeka unapasuka.

"Nimesema mara ngapi!" mkeka unafoka. "Wa ukoo wenu hawakai wawili mahali pamoja! Mtanimaliza!"

Birika linacheka mpaka kifuniko kinadondoka.

Kupasuka kwa mkeka kukaumaliza na ukumbi. Sasa tupo darasa la tano, kwenye dawati langu, lile nililoliacha nilipotolewa shule kumuuguza mama. Magoti yangu hayaingii tena.

"Umekua," dawati linaniambia. Kisha linamgeukia Must. "Na wewe bwana, zamani ulikuwaje? Sisi hatuozi mtu tusiyemjua utoto wake."

"Mimi sina jana," Must anajibu. "Nikiihitaji huazima kwa jirani."

Surely anapiga makofi. "Tumuulize bibi harusi. Mara ya kwanza: umekubali?"

Nanyamaza.

"Mara ya pili: umekubali?"

Nanyamaza. Easily tayari anapuliza magurudumu kwa kinywa, endapo bwana wake atabahatika.

Ndipo anapoinuka mshenga wa Would, kizee kifupi aitwaye Rather. "Jamani, mnamuuliza kama amekubali. Nani kamuuliza angependa nini?"

Darasa zima linaangua kicheko. "Kitenzi nacho kipende!" anasema Must. "Makubwa haya!"

"Bwana wangu hajui kuposa vingine," anasema Rather. "Na mimi siondoki bila jibu." Anatoa mfukoni kipande cha halua ya ufuta, ananitia mdomoni. "Tafuna, mwanangu, ulimi ulainike. Haya. Ungependa nini?"

Najaribu kujibu. Halua imeyagandisha meno yangu ya juu na ya chini. Surely anavuta pumzi kuuliza mara ya tatu, na dawati linaniminya mguu kwa nguvu. "Sema, mtoto we!"

Nikaamka.

Kulishapambazuka. Nikajilamba meno, na nyuma ya gego nikakuta chembe moja ya ufuta. Kwetu halua huingia Sikukuu tu.

Shangazi akasukuma mlango, mikono ina unga. "Siwema, kaoge uvae lile gauni la kijani. Wakikuuliza, wewe inamisha kichwa, unyamaze vilevile unavyonyamaza siku zote. Mengine niachie mimi."

"Shangazi."

Akasimama. "Kulikoni? Unaumwa? Wewe huniiti."

"Siumwi."

"Basi nini, mwanangu?"

Nikaketi kitandani.

"Wakiniuliza nikanyamaza, usiwaambie nimekubali. Nassibu hajanikosea kitu. Lakini sitaki kuolewa, Shangazi. Ningependa kurudi shule."