Wafu Hawapigi Hodi

Watu wa Skelbeck wana adabu mbaya. Msinielewe vibaya, sisemi hawana adabu. Wanayo, tena imepita kiasi, na ndiyo iliyowaponza. Mtu wa Skelbeck akikanyagwa mguu, yeye ndiye anayeomba radhi. Nyumba yake ikiungua, atamwomba jirani samahani kwa moshi. Na katika bonde lile lote la kaskazini ya Uingereza hakuna aliyemfikia kwa adabu Hester Raine, mke wa Enoch, mjenzi wa kuta za mawe.

Enoch naye alikuwa na ugonjwa wake, ugonjwa wa neno. Neno lenyewe moja tu: lich.

Skelbeck haina makaburi, haijapata kuwa nayo. Tangu enzi za mababu, maiti wake hubebwa mabegani maili tatu, kupanda kilima, kukatiza shamba la Hagg End, mpaka kanisa la Aldby upande wa pili. Njia hiyo wenyeji huiita Lich, basi, na hakuna anayejisumbua kuuliza kwa nini. Katikati yake pana jiwe bapa, wabebaji hulitua jeneza hapo wakapumua na kuteta kidogo juu ya marehemu. Enoch alipokuwa kijana alijenga ukuta karibu na jiwe lile pamoja na baba yake. Akamuuliza, "Baba, lich ni nini?" Mzee akamjibu, "Ni Lich. Lete jiwe." Jibu hilo lilimkwama kooni miaka arobaini.

Alipostaafu, mapafu yakiwa yamejaa vumbi la mawe, akaanza kulifukua lile neno. Akaazima vitabu maktaba, akawaandikia barua maprofesa, akajaza bati la biskuti kwa vipande vya karatasi. Chakula cha jioni kikawa darasa.

"Hester, unajua? Zamani, miaka elfu na ushei, lich ulikuwa mwili tu. Mwili huu huu, mzima, unaokula viazi. Halafu kidogo kidogo walio hai wakahama kwenye neno, wakabaki wafu peke yao."

"Kama Skelbeck," Hester akasema. "Vijana wote wamehama."

"Sikiliza basi, mama! Hata lile neno letu, like, la kusema kitu fulani ni kama kingine, limezaliwa humo humo. Kufanana maana yake ni kuwa na mwili mmoja."

"Basi mimi na wewe hatufanani. Mimi sisemi na kiazi mdomoni."

Enoch akacheka mpaka akakohoa, akakohoa mpaka Hester akamletea maji. Walikuwa wameoana miaka arobaini na minne, na haki ya Mungu, walipendana. Watoto hawakujaliwa. Walikuwa na njia hiyo, bustani ya vitunguu, na jirani mmoja mwenye mdomo, Jossy Peacock.

Kisha Mzee Kearton wa Hagg End akafa, akapitishwa Lich kama wenzake, na shamba likanunuliwa na Bwana Fairclough, mtu wa mjini mwenye farasi. Fairclough hakuwa mtu mbaya. Laiti angekuwa mbaya! Alikuwa mpole, anatabasamu, anakumbuka majina ya mbwa wa watu. Lakini farasi wake walikuwa wa gharama, akatia lango la chuma upande wa juu wa shamba, mnyororo na kufuli, na kibao: HAKUNA NJIA.

Enoch alikisoma kile kibao mara mbili. "Hakuna njia? Watu wamebebwa hapa kabla babu wa babu yake hajazaliwa! Jina lenyewe linasema!"

Akapeleka madai serikalini ili njia ile iandikwe kwenye ramani kuwa ya watu wote. Miaka mitatu ikapita kwa barua. Hatimaye akaja mkaguzi kusikiliza shauri ukumbini pale kijijini, na Enoch akaenda na bati lake la biskuti kifuani kama mtu aliyebeba mtoto. Alisimama akaeleza dakika hamsini. Alieleza lich ya Waingereza wa kale, na ndugu zake ng'ambo ya bahari, maana Waholanzi na Wajerumani nao wanalo neno lao la ukoo huo huo, na lile lango la kanisani lenye paa ambapo maiti humngojea kasisi, nalo lina jina hilo. Mkaguzi aliandika. Wakili wa Fairclough, bibi mmoja wa makamo mwenye sauti ya asali, alisikiliza mpaka mwisho.

"Tunakubali yote, Bwana Raine," akasema. "Neno ni la kale na maana yake ni hiyo uliyoisema. Umefanya kazi nzuri mno. Ila neno halifungui lango. Tuwasikie waliopita."

Enoch hakuwa na pumzi tena, akaitwa Hester. Alikuwa amevaa kofia yake ya kanisani. Wakili akamuuliza amefuata mazishi mangapi kwa njia ile. Akahesabu: thelathini na moja. Vizuri. Yote yamekatiza uwanja wa Hagg End? Ndiyo, yote.

"Nisamehe nikuulize," wakili akasema, "maana najaribu kupata picha. Mzee Kearton yuko ndani anakunywa chai yake. Ninyi mnatokea na jeneza, mnavamia uwanja wake hivi hivi tu?"

Lo! Hester alihisi damu inampanda usoni. Mbele ya kijiji kizima, kuitwa mvamizi!

"Sisi si washenzi, mama," akasema. "Tuliomba. Kila mara tuliomba. Siku moja kabla, mwanamke mmoja huenda na keki ya matunda mlango wa nyuma, anapiga hodi, anasema, samahani Bwana Kearton, kesho tutampitisha fulani, ukiwa radhi. Naye alikuwa radhi siku zote. Mimi mwenyewe nimekwenda mara kumi na mbili."

"Na asingekuwa radhi?"

"Tungezunguka kwa barabara. Ni uwanja wake, ati!"

"Asante sana, Bibi Raine. Sina swali jingine."

Hester akarudi kukaa, amejinyoosha, amelinda heshima ya watu wake. Ndipo alipomwona Enoch. Alikuwa amefumba macho, mikono juu ya bati.

Hakuwa amejua! Hilo ndilo la kuuma. Kule Skelbeck wanaume hubeba na wanawake huomba, na hakuna anayemsimulia mwenzake. Miaka yote Enoch alikuta malango ya Hagg End wazi akadhani yako wazi kwa haki. Kumbe yalifunguliwa kwa keki. Na sheria, kama mkaguzi alivyoieleza siku ile na kuiandika tena katika barua ya uamuzi, inataka watu wawe wamepita kama wanaopita kwao: bila kuvunja, bila kujificha, bila kuomba. Anayeomba amekiri kwamba mwenye kukataa yupo. Madai yakatupwa, na hayangefufuliwa tena.

Wahenga walisema heshima si utumwa. Waje Skelbeck waone.

Enoch hakumlaumu. "Umesema kweli," alimwambia njiani, na hakulitaja neno lile tena. Hakuna lich kwenye viazi, hakuna lich kitandani. Hester angefurahi kutukanwa. Angefurahi kupigwa na lile bati. Badala yake akala chakula cha jioni na mtu aliyenyamaza, miezi mitano, huku kifua chake kikipiga mluzi.

Wiki ya mwisho ndipo aliposema.

"Hester. Wazee walikuwa wakiamini kwamba maiti ikipitishwa mahali, njia imefunguka kwa kila mtu, milele."

"Mkaguzi alisema hiyo si sheria."

"Najua si sheria. Kwa sheria nimeshindwa. Mimi naitaka hiyo ya wazee." Akavuta pumzi, ikachukua muda. "Nipitishe Lich. Lakini usiombe. Usipeleke keki, usipige hodi, usimwambie kitu Fairclough. Maiti hapigi hodi, Hester. Niahidi."

"Naahidi."

"Apa."

Akaapa, akalia, akaomba radhi kwa kulia.

Alikufa Jumapili. Alhamisi, saa nne asubuhi, mvua ya manyunyu, wakamnyanyua. Wabebaji walikuwa sita, wazee watupu, Jossy Peacock mbele. Ndani ya koti Jossy alificha mkasi wa kukatia chuma, urefu wa mkono.

"Unatembea kama aliyemeza ufagio," mwenzake akamwambia.

"Nyamaza. Enoch amekuwa mzito. Ni yale maneno tumboni."

Hester alifuata nyuma. Usiku mzima mikono yake ilikuwa ikimwasha kutengeneza keki, akaikalia. Walipita lango la chini, lilikuwa na komeo tu, akalifungua mwenyewe. Akapita mlango wa nyuma wa Hagg End bila kuutazama, akijiona mwizi. Kwenye jiwe bapa wakatua, wakapumua, na Jossy akasema marehemu alikuwa mbishi kupindukia, Mungu amrehemu. Kisha wakapanda mpaka lango la juu. Mnyororo. Kufuli. Kibao.

Ng'ambo ya lango lile ilikuwa mbuga wazi na paa la kanisa la Aldby. Hatua tatu, Enoch ameshinda.

"Fanya haraka," Hester akasema.

Jeneza likategemezwa juu ya ukuta, ukuta aliojenga marehemu mwenyewe. Jossy akautoa mkasi, akaung'atisha kwenye mnyororo. Akabana. Mnyororo ukalia, haukukatika. Akabana tena.

"Bibi Raine! Bibi Raine, ngoja!"

Fairclough alikuwa anapanda mbio, kichwa wazi, ameloa, ufunguo mkononi. Jossy akasimama na mkasi wake. Fairclough aliutazama ule mkasi, akaliangalia jeneza, na uso wake haukuonyesha hasira hata chembe. Ulionyesha huruma.

"Poleni sana, jamani," akasema, akitweta. "Sikujua ni leo. Mngeniambia tu! Ningeliacha wazi. Ngojeni, ngojeni niwafungulie."

Jossy akamtazama Hester. Bado mkasi ulikuwa umeuma chuma, na nafasi ilikuwepo. Ilitosha Hester kusema, "Kata." Ilitosha hata kunyamaza. Alifungua mdomo aseme kata.

Lakini Fairclough alikuwa ameshaingiza ufunguo. Kufuli likafunguka, mnyororo ukaanguka, akalisukuma lango akalishikilia kwa mikono miwili, akainamisha kichwa mbele ya maiti, mvua ikimtiririka shingoni.

"Piteni," akasema. "Ruhusa mnayo, kwa huyu na kwa wengine wote. Mnijulishe tu."

"Asante sana, Bwana Fairclough," Hester akasema. "Samahani kwa usumbufu."

Ilitoka yenyewe, kama kikohozi. Aliisikia ikitoka. Jossy aliisikia, akatazama chini, akaurudisha mkasi ndani ya koti. Wazee wakajipanga, wakamnyanyua Enoch begani, wakampitisha langoni kwa ruhusa.

Hester aliweka kiganja juu ya ubao wa jeneza uliolowa.

"Nisamehe," akamwambia. "Nisamehe, baba. Nisamehe."

Akaendelea kuomba hivyo mpaka Aldby.