Kijerumani cha Wolfgang

Kama kuna mtu aliyeponzwa na jina la ubatizo hapa Babati, ni Wolfgang wa Sigino. Alipewa jina la padri mmisionari aliyembatiza, na tangu siku hiyo watu wa parokia yetu walimchukulia kana kwamba lugha ya yule mzungu nayo ilimwagwa pamoja na maji. Kwa hiyo mkoa ulipokuwa bado mpya, kila ofisi ikitafuta vijana wanaojua kompyuta, na marafiki wa parokia huko Ujerumani wakatutumia moja ya kufundishia, nani mwingine angepewa darasa? Cheti cha kompyuta alikuwa nacho, alikipata Arusha. Kijerumani hakuwa nacho hata cha kuombea maji ya kunywa. Lakini hakusema, na hapo ndipo ninapomkasirikia mpaka leo.

Siku ya kuiwasha, Paroko Theophil na wazee wa baraza walisimama nyuma ya kiti chake. Rangi zikajaa kwenye kioo, kisha kikajitokeza kisanduku chenye swali la Kijerumani.

"Kinasemaje?" Paroko akauliza.

"Kinatukaribisha," Wolfgang akajibu bila kupepesa macho, akabonyeza kitufe cha kwanza alichokiona.

Mashine ikajizima, ikajiwasha tena, na safari hii kioo kilikuwa cheusi tii, chenye herufi chache nyeupe kwenye kona. Wote wakamgeukia. Angeweza kusema palepale kwamba amebonyeza asichokijua. Badala yake akakohoa.

"Imetikiswa njiani," akasema. "Barabara ya Minjingu mnaijua, na Mudy naye mnajua anavyokimbiza gari. Sehemu ya picha imeharibika."

Mudy ndiye aliyekuwa dereva wa parokia. Kompyuta ile aliifunga kwa godoro lake mwenyewe ili isiumie. Alijitetea kwamba aliendesha polepole mpaka malori yakampita, lakini nani amsikilize dereva mbele ya mwenye cheti? Akanyang'anywa funguo, akaanza kusukuma mkokoteni sokoni. Na kila alipokutana na Wolfgang alimwamkia kama zamani, "Shikamoo, mwalimu," naye Wolfgang akaitikia huku akitazama viatu vyake. Aibu ilikuwa inamla, ila haikuwa imefika mdomoni.

Asubuhi ya ufunguzi wa darasa, wageni wakiwa wameshaalikwa, alijifungia humo ndani akampigia simu Sabaha, waliyesoma naye Arusha.

"Sijui imeandika nini," akanong'ona. "Ni Kijerumani."

"Achana na Kijerumani. Amri ni zilezile dunia nzima. Kwanza tuiulize kama ina mfumo wowote wa kuonyesha picha. Andika ninavyokutajia." Akamtajia herufi moja moja: *ls /usr/share/xsessions*.

Wolfgang akaandika. Chini yake yakatokea majina mawili, *gnome.desktop* na *kde.desktop*. Akamsomea.

"Mbona imo miwili!" Sabaha akacheka. "Hiyo mashine haijaharibika hata kidogo. Kuna mahali uliiambia iwake bila picha. Sasa andika *startx*."

Rangi zikarudi zote. Mtu mwingine angeshangilia. Wolfgang akakitazama kidole chake cha kubonyezea kama kitu alichokiiba. Mashine ilikuwa nzima tangu mwanzo, na Mudy hakuwa na kosa lolote.

Alipofungua mlango, Paroko na wazee wakaingia. Nje, Mudy alikuwa akishusha viti vya wageni kwenye mkokoteni wake.

"Hongera, mwalimu!" Paroko akapaza sauti. "Umetibu uharibifu wote wa Mudy!"

Mama mmoja akapiga vigelegele. Mudy alisikia, akaendelea kupanga viti. Na kwenye kioo, kisanduku kilekile kikajitokeza tena na swali lake.

"Enhe, leo kinasemaje?"

Wolfgang akanyanyua mkono, akaurudisha.

"Sijui, Paroko," akasema. "Sijui Kijerumani. Hata siku ile sikujua. Niliizima picha mimi, kwa mkono wangu, nikamsingizia Mudy."

Vigelegele vikakatika. Paroko hakumgombeza, na nadhani hiyo ilimuuma zaidi. Aliingiza mkono mfukoni, akatoa funguo za gari, akamwekea kiganjani.

"Kampe wewe mwenyewe."

Akatoka uani, watu wote wakimtazama mgongoni. Mudy akajifuta mikono kwenye suruali, akazipokea funguo kwa mikono miwili, kama mtu anayepokea kitu kwa mkubwa wake.

"Shikamoo, mwalimu," akasema.

Wolfgang akatikisa kichwa.

"Usiniamkie, Mudy," akasema. "Leo usiniamkie."

Mudy akamtazama kidogo, akatia funguo mfukoni, akarudi kumalizia viti vilivyobaki.