Kilichokuwa Tumboni mwa Febronia

Kila alfajiri Melkizedeki alipopita mbele ya kibanda cha mama yake, kilichofungwa kwa waya tangu bibi kizee aondoke, alisikia sauti ikisema, "Marahaba, mwanangu." Wala hakuwa ameamkia mtu. Alikaza mwendo hadi zizini, akakamua ng'ombe, na hakumwambia yeyote. Angemwambia nani? Mama yake alikuwa kaburini Kinyangiri, na aliyemfukuza akafie huko ni yeye.

Mambo yalianza na tumbo la mkewe, Febronia. Aliugua homa na kuhara, nusura afe, na Mama Dorika, mama yake Melkizedeki, ndiye aliyemuuguza kwa uji, kijiko baada ya kijiko. Homa ikaisha, tumbo likagoma. Akila matonge mawili anajaa kana kwamba kamaliza sufuria. Cha mchana kinamkaa hadi usiku, kinampanda kooni. Akakonda akabaki macho. Miaka hiyo kila kitu kilikuwa ruksa, minada imejaa mitumba na sabuni za nje, na waganga nao hawakutaka kuachwa nyuma na biashara huria. Mmoja akaja na miwani ya jua, akachungulia maji kwenye bakuli, akatamka: "Huyu kalishwa kitu. Kimekaa tumboni. Aliyemlisha yumo humu humu." Na nani mwingine alikuwa akimlisha?

Kesho yake Melkizedeki alisimama mlangoni kwa mama yake na, kwa mara ya kwanza tangu ajue kusema, hakutoa shikamoo. Alisema tu, "Funga mizigo."

Bibi kizee, kwa mazoea, alikuwa amekwisha kujibu: "Marahaba, mwanangu." Ndipo akaelewa. Alifunga khanga zake, akasema, "Siku mkikiona hicho kitu, mje mnionyeshe na mimi nikione." Akaenda kwa mdogo wake wa kike, huko Kinyangiri. Mvua za mwaka ule hazikuisha akafa, na mwanawe hakwenda kuzika.

Basi iliposikika kwamba Kiomboi pamefunguliwa zahanati ya mtu binafsi, na kwamba daktari wake, Belinda, ana mashine ya kuona ndani ya tumbo bila kisu, Melkizedeki alimpeleka mkewe upesi. Alitaka apone, ndiyo. Lakini, Mungu amsamehe, zaidi ya hilo alitaka kitu kionekane. Kikionekana, hakuwa amemfukuza mama yake bure.

Wanawake wajawazito waliojaa kwenye benchi walimpongeza Febronia. Mashine ile waliijua kwa kazi moja tu. Febronia aliketi pembeni. Alikuwa hajala tangu jana, kama alivyoagizwa.

Daktari alimpaka ute wa baridi tumboni, akapitisha kifaa, na kwenye kioo pakatokea vivuli vya kijivu. Kisha akampa kikombe cha uji anywe, akatazama. Akamwacha apumzike, akatazama tena. Jua lilipopanda sana, akatazama mara ya mwisho. Muda wote huo Melkizedeki hakutoa macho kwenye kioo.

"Unaona hapa chini, baba?" daktari alimwambia. "Tumbo lenye afya hukaza na kuachia, linasukuma chakula kishuke. La mama huyu linakaza kidogo mno. Uji wa asubuhi bado umejaa."

"Na kile kitu?"

"Kitu gani?"

"Alicholishwa."

Daktari alimgeukia. "Kabla ya uji tumbo lilikuwa tupu. Umeona mwenyewe."

"Tazama tena, daktari. Nakuomba sana."

Akatazama tena, pembe kwa pembe, bila kumcheka. Hapakuwa na kitu. Alieleza kwamba wengine hupatwa hivi baada ya homa ya kuhara, na kwamba zipo dawa za kusaidia. "Ila ale kidogo kidogo, mara nyingi. Uji mwepesi, kijiko kijiko."

"Ndivyo alivyokuwa ananipa mama," Febronia alisema, akitazama ukuta.

Nje, Melkizedeki aligeukia njia ya nyumbani. Mkewe akamshika shati. "Mama alisema twende tukamwonyeshe."

Walipanda lori la vitunguu hadi Kinyangiri. Mama mdogo hakuwapa mkono. Aliwaonyesha tu kaburi kwa kidole, rundo la mawe kando ya shamba la uwele. Melkizedeki alivua kofia.

"Shikamoo, mama."

Alingoja. Uwele ulitikisika ukatulia.

"Shikamoo, mama. Tumetazama. Hakuna kitu." Machozi yakamtoka, akaamkia tena, na tena, hadi Febronia akachoka kusimama akakaa chini.

Waliporudi kwao, alfajiri iliyofuata Melkizedeki alifungua waya wa kibanda, akasimama mlangoni, akaamkia kwa sauti kubwa. Hakujibiwa. Huamkia kila siku, na hajajibiwa hadi leo.