Fiche za Adrienne Siku ya Posa

Jamani, nani alimtuma Adrienne alete kazi nyumbani siku ya posa? Hakutumwa na mtu. Aliipenda tu kazi ile, basi. Ofisini, kwa kuwa serikali ilikuwa imekataza majina ya kizungu, walimwita citoyenne, yaani mwananchi, Ngalula. Nyumbani kwao, mtaa wa Panda, alibaki Adrienne yule yule, kichwa kigumu.

Ofisi ya kutafsiri ya Kampuni ya shaba ilimpa fiche, vikaratasi vigumu, kila kimoja na neno moja la kiwandani, Kifaransa juu, Kiswahili chini. Kazi yake ni kuzigawa: majina huku, vitendo huku, sifa kule, kisha aandike alama pembeni. Jumatatu asubuhi gari lingezipeleka Lubumbashi, zilishwe ordinateur, ile mashine ya kompyuta. Jumapili ile alikuwa ameshapanga mafungu matatu mezani, zimebaki alama tu.

Lakini roho yake ilikuwa kwa Octave wa Kambove, kijana aliyempenda mpaka akawa anasahau kutia chumvi mbogani. Wajomba wa Octave walikwisha kukubali. Aliyebaki ni shangazi yake, tantine Gertrude, muuza samaki wa chumvi, ambaye akisema hapana, hata padri hunyamaza. Na alikwisha kusema, "Mwanamuke wa biro, wa kushinda ofisini? Aka! Huyo ataolewa na makaratasi." Leo alikuja, pamoja na Octave na mjomba wake Damas, kutoa neno la mwisho.

Hodi ilipopigwa, mama yake Adrienne, mama Germaine, akakumbuka kitambaa kizuri cha meza. Akavuta kile cha zamani, fiche zikiwa juu yake. Mama wee! Mafungu matatu yakawa fungu moja, sakafuni, miguuni pa wageni. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Huyu mwenyeji wetu nusura azimie.

Msichana anayeposwa hupiga magoti, akainamisha macho, akasalimia kwa sauti ndogo. Adrienne alipiga magoti kweli, lakini ya kuokota fiche. "Karibuni, munisamehe, kesho gari inaenda," alisema, machozi yakimlengalenga. Alijua amejichimbia kaburi mwenyewe.

"Hii ni nini?" tantine Gertrude akauliza, fiche moja mkononi.

"Ni maneno ya kazi, tantine. Kama unaweza kutuma muntu afanye, inaenda huku. Kama ni kitu, huku. Kama inasema kitu iko namna gani, kule."

Tantine akasoma taratibu, midomo ikicheza. "Kuyeyusha. Miye naweza kukutuma uyeyushe?"

"Ndiyo, tantine."

"Basi, huku." Akachukua nyingine. Kisha nyingine. Akavua viatu, akakaza pagne, kitenge chake, kiunoni, akakaa chini puu!

Mjomba Damas, aliyechoka kukaa kitini huku koti lake la abacost likimbana tumbo, naye akashuka. Hapo ndipo kelele zilipoanza. "Moto haiko kitu," akasema, akiinua fiche yenye neno hilo. "Miye nilitumika kwa fourneau, kwa tanuru, mpaka pension, sikuweza kuushika hata siku moja."

"Ungeushika, leo ungekuwa na vidole?" tantine akamrukia. "Moto ya kwangu, moto ya jirani: mbili! Weka na vitu."

Casimir, baba yake Adrienne, alicheka mpaka akashika ukuta. Octave, ambaye desturi ilimtaka akae kimya pembeni, alikuwa akiokota fiche chini ya viti na kumchekea mchumba wake. Adrienne alikuwa na furaha, ila hofu ilikuwa bado haijamtoka.

Mjomba Damas akanyoosha mkono polepole auondoe moto wake kwenye fungu la vitu. Tantine akampiga kofi la kiganjani. "Weye! Usiharibu kazi ya bibi yetu!"

Bibi yetu! Mahari haijatajwa, pombe haijafunguliwa, na tantine amekwisha kumwita mke wa ukoo. Mwenyewe akasikia alichosema, akafunika mdomo. Halafu akaushusha mkono, akainua kidevu.

"Eh bien, nimesema. Munatazama nini?"

Mama Germaine akapiga vigelegele. Casimir akainuka, akashika chupa ya bia ya Simba waliyoileta wageni. Desturi ni desturi, binti lazima aulizwe mbele ya watu, na akisema ifunguliwe ndiyo amekubali kuolewa.

"Mutoto wangu, tufungue pombe ya hawa bantu?"

Msichana hunyamaza kwanza, akaulizwa tena, ndipo akajibu kwa kunong'ona. Adrienne hakungoja hata baba yake amalize.

"Fungua, baba, fungua! Lakini nje, povu isilowanishe fiche!"