Mtandao wa Nyumba ya Mama Adolphine

Mtandao wa nyumba ya Mama Adolphine, hapo Dilala, mtaa wa wachimbaji madini, ulianza kukatika wiki ile ile binti yake Marlène alipounganisha adapta ya simu. Adapta ilitumwa na dada yake Huguette kutoka Liège. Ilikuwa kisanduku cheusi kisichozidi ukubwa wa kipande cha sabuni, na kazi yake ilikuwa kuifufua ile simu ya mezani ya marehemu baba yao, kwa kuwa macho ya mama yao hayaoni tena kioo cha simu ya mkononi. Mchana kila kitu kilikwenda vizuri. Jua likianza kuinama, simu inalia mara moja, taa ya modemu inageuka nyekundu, na nyumba nzima inabaki bila mtandao mpaka giza liingie.

Marlène alifanya yale ambayo kila mtu hufanya. Alizima, akawasha. Akabadilisha waya. Akaiweka adapta mbali na modemu, kwa sababu Huguette alisikia kwamba vitu hivyo vikikaa karibu vinagombana. Mwishowe akamwita Samy, fundi wa sokoni, mtu wa maneno mengi na bisibisi moja, ambaye alikaa sebuleni akibonyeza kompyuta yake hadi simu ilipolia. Safari hii Samy aliwahi kuipokea. Akasikiliza, akaitikia mara mbili, akamgeukia Marlène.

"Ni Mechack," akasema. "Anasema beko batano mu connexion moja, njo maana inakatika."

Mechack alikuwa kitinda mimba wa nyumba hiyo. Msimu wa mvua wa mwaka jana, yeye na wenzake wanne walikuwa ndani ya shimo lao, upande wa pili wa ukuta wa kampuni ya madini, wakifuata kobalti, wakati tingatinga lilipokuja kuziba mashimo. Wanawake waosha mawe walipiga kelele kwamba kuna watu chini. Dereva alijibu kwamba ameambiwa hakuna mtu, akaendelea na kazi yake. Tangu hapo kampuni imeshikilia kwamba shimo lilikuwa tupu, na shimo tupu halifukuliwi. Mama Adolphine naye amekataa kilio kiondolewe, matanga yaishe, bila mwili. Analala kwenye mkeka sebuleni, hajasuka nywele, hajakalia kiti. Watu walimshauri azike shina la mgomba, kama familia nyingine zilivyofanya. Akawajibu kwamba yeye hakuzaa mgomba.

Samy aliuliza neno la siri la modemu ni lipi. Marlène akasema ni jina la Mechack. Aliliweka ili lisisahaulike. Fundi akatikisa kichwa kama muuguzi anayeambiwa dawa ya kupaka imenywewa. Jina la mtu ambaye kilio chake hakijaondolewa halitajwi jioni, kila mtu hapo Dilala anajua, na hapa kila chombo cha nyumba kilikuwa kinalitaja kila kinapotafuta mtandao.

"Mulimuita, yee akaitika," Samy akasema. "Tubadilishe code?"

Mama Adolphine alinyoosha mkono kutoka kwenye mkeka, akaomba apewe simu kwanza. Walizungumza kwa muda mrefu na kwa sauti ya kawaida. Mechack alisema kwamba walikufa siku ile ile, kwamba huko hakuna njaa, ila udongo ni mzito na wangependa kutolewa. Aliuliza kama mchumba wake Falonne ameolewa. Ameolewa, mama akasema, kule Fungurume, na dereva wa lori. Mechack akasema ni vizuri. Mama aliporudisha simu alikuwa analia, na alikuwa na furaha kuliko siku yoyote tangu shimo lizibwe. Code haikubadilishwa. Samy aliirekebisha tu modemu ili sauti ipite kabla ya vitu vingine, mtandao ukatulia, na familia za wale wanne zikaanza kuja jioni na viti vyao kungoja zamu.

Marlène ndiye aliyeona kwamba sasa ushahidi upo. Alikwenda kwenye ofisi ya malalamiko ya kampuni, akazungushwa kama ilivyo desturi, hatimaye akatumiwa nyumbani bwana mmoja wa ofisi hiyo, Tata Polycarpe, mtu mpole mwenye viatu safi. Polycarpe alikunywa maji, akapokea simu, akawasalimia wote watano. Akauliza kama walikuwa na kadi za mchimbaji. Mechack akajibu kwamba yake anayo, iko mfukoni. Polycarpe akamwomba ailete ofisini yeye mwenyewe, siku yoyote ya kazi. Mechack akamweleza hali yake, naye akasema anaelewa kabisa. Kisha akamgeukia Marlène, bila ubaya wowote.

"Muntu mwenye anajibu simu, mama, hatuwezi kumuandika kama alipotea," akasema. "Tunajua pahali eko. Dossier inafungwa."

Akalifunga faili lake, akausifu mtandao wao, akaaga, akaondoka. Marlène alishikwa na hasira. Alitamani kumtupia ile simu mgongoni, lakini watu walikuwa wanangoja zamu.

Jioni iliyofuata mama alikuwa amepitiwa na usingizi pale mkekani, na simu ilipolia alipokea Marlène.

"Yaya, bamesema nini?" Mechack akamuuliza dada yake. "Batakuya kututosha inje ya shimo?"

Marlène akamtazama mama yake pale sakafuni.

"Batakuya," akasema.

Akamsikia Mechack akigeuka kuwaambia wenzake, mmoja mmoja, kwa majina. Kisha ikasikika sururu moja, halafu nyingine, hadi zote tano. Walikuwa wameanza kuchimba kutoka upande wao, ili wale watakaokuja wasipate kazi kubwa.