Laptopu Iliyokataa Kusema

...na hii pia imekataa, Dani, anasema Marion, na Phelesia, bibi yake, huyo Dani, haulizi imekataa nini, maana macho yake yako kwa mtoto wa binti yake Cate kule Doha, ndani ya kioo cha laptopu, amejikunja mwekundu kama nyanya, mdomo umeachama mpaka koo linaonekana na hakuna hata mlio, analia kama samaki, maskini, na Cate mwenyewe anagusa masikio, anatikisa kichwa... kwani hata yeye hatusikii? hata yeye, Dani, fundi Hamud alipofomati hii laptopu ya mitumba alifuta driver ya sauti, ile programu ndogo inayoonyesha mashine vile itatumia spika na maiki yake, akanijazia flashi driver za kila aina, akasema jaribu moja moja, ya kwake iko humo... haya, moja moja, na simu ya Marion ingekuwepo wangemaliza kitambo, lakini simu ilitumbukia kwenye sufuria ya omena, dagaa wa ziwani, ikaiva nao, hapo Phelesia anacheka, unacheka nini Dani, sicheki, fanya kazi... kazi ya Phelesia ni majina, Cate aliandika, Marion akamsomea, mtoto amelia tangu jana, waambie Mama aite majina ya watu wetu waliotangulia, kwa mdomo wake, lile litakalomnyamazisha ndilo lake, na Phelesia ameyapanga tayari, Akeyo kwanza, mama yake mzazi, aliyeita kuku kwa wimbo, njooni wageni wangu, njooni, halafu Anyango shangazi wa Magunga, mwenye sauti nzito, akikusalimia mbuzi wanaacha kula, majina matamu, majina ya watu aliowapenda... aa, hii ni mpya kabisa, anasema Marion, ya mwaka huu, nayo imekataa, ngoja nijaribu hizi za zamani, pengine si ukaidi, Dani, ni vile hatujaipa ya kwake... hatujaipa ya kwake, eh, ndivyo Cate alivyokuwa, mchanga, analia nyumba nzima inataka kuhama, mama mkwe akaita wapole wote wa ukoo, walioenda kanisani, waliopika vizuri, mtoto akazidi, mpaka mzee wa nyumba akachoka akasema basi labda ni yule Awuor mchongezi, na Cate kimya, kama bomba limefungwa, watu wakacheka wakishika mbavu... na nani huyu anakohoa kichwani mwake tangu asubuhi kama anabisha hodi, si Mong'ina, mke mwenzake, Mkuria wa Isebania, wewe Phelesia, huu ugali wako unaweza kujengea choo! na yeye akimjibu, njoo basi uchimbe shimo! miaka yote ua moja katikati na matusi yakipita juu yake kama mpira, lakini Phelesia alipolazwa na malaria ni mgongo wa nani Cate alilalia, ni nani aliyemwimbia Kikuria mpaka mtoto akarudi nyumbani anaomba maji kwa lugha ya wenyewe, na tangu Mong'ina azikwe Phelesia hajalitaja hilo jina, husema tu yule wa ng'ambo ya ua, kumbe si hasira, ni ukimya wa ule upande, hakuna wa kumtukana akiinjika sufuria... Dani, subiri, hii inaingia, inaingia... ai, imerudi nyuma, basi ziko nyingine, hatujamaliza flashi, na mtoto bado ameachama, na kialama chekundu cha kuonyesha hakuna sauti bado kimekaa juu ya picha ya spika, na Phelesia anavuta kiti, anaweka uso karibu na kioo mpaka pumzi yake inakitia ukungu, na anaita, taratibu, Mong'ina... Dani, anasema Marion akicheka, si nimekuambia bado, hawasikii kitu, najua, nyakwara, mjukuu wangu, najua, endelea tu kutafuta, mimi nilikuwa naufundisha mdomo.