Kipimo Kilichovuka Tatu

Ilikuwa Jumamosi ya pili ya Februari, saa nne asubuhi, na manyunyu yalikuwa yakianguka mtaani Lizaboni, Songea, tangu alfajiri. Natalia aliegesha gari mbali kidogo na nyumba ya Bibi Kunegunda, akazima injini, akabaki ameshika usukani. Alikuwa na jambo moja la kusema kabla ya saa tisa. Saa tisa mshenga angefika kuchukua blanketi.

Blanketi lenyewe aliliona mara tu alipoingia sebuleni. Lilikuwa la kijani, limekunjwa juu ya kochi. Edwin, mwalimu wa sekondari aliyehamia kutoka Singida, alilituma kama zawadi ya bibi alipoleta posa ya Pamela, mjukuu wake bibi. Sasa Pamela alikuwa ameikataa posa, na blanketi lilikuwa linarudi.

“Shikamoo, bibi.”

“Marahaba, dokta. Pita ndani, usisimame mlangoni kama mgambo.” Bibi Kunegunda alilipiga blanketi kwa kiganja. “Unaliona hili? Nimeshalilalia wiki mbili nzima. Leo naambiwa lirudi kwa wenyewe. Litarudije na jasho langu?”

“Bibi, acha,” Pamela alisema. Alikuwa amekaa kwenye kigoda akichambua mchele, na hakuinua uso.

Natalia alijua kwamba yeye ndiye aliyesababisha blanketi lile likunjwe. Kazi yake ilikuwa utafiti wa magonjwa ya kurithi, na kwa miaka miwili alikuwa akiufuatilia ukoo huu. Marehemu Fransisko, mume wa bibi, alianza kwa kutoona gizani akiwa kijana, kisha akapofuka kabisa. Baadhi ya wanawe walimfuata, akiwemo Remmy, baba yake Pamela. Katika damu zao Natalia alitafuta alama inayorithiwa sambamba na ugonjwa, akaipata moja. Kisha akapima uzito wa ushahidi. Katika fani yake kipimo kikifika tatu, mtafiti ana haki ya kusema amepata: matokeo yake yanaelekea uhusiano wa kweli mara elfu moja zaidi kuliko bahati tupu. Kipimo cha Natalia kilisoma tatu nukta moja.

Wiki iliyopita Pamela alimvuta kando akamwuliza kama yeye anayo ile alama. Kanuni za kazi zilimkataza Natalia kujibu. Alijibu: “Unayo.”

Hilo lilikuwa kosa, lakini si hilo lililomnyima usingizi. Kabla ya siku ile alikuwa amenawa mikono nyuma ya nyumba hii, karibu na kaburi la Fransisko, akausoma msalaba wa saruji. Fransisko alifariki mwaka 1989. Watoto watatu wa mwisho wa bibi, ambao Natalia aliwahesabu kuwa wa Fransisko, walizaliwa baada ya hapo. Mtu aliyekulia Songea hakuhitaji kufafanuliwa. Natalia alielewa papo hapo, akajifuta mikono, akaingia ndani kula.

“Bibi,” alisema sasa, “Fulgence na wadogo zake wawili ni wa nani?”

“Wa Fransisko. Si nilishakuambia?”

“Nauliza aliyewazaa.”

Bibi Kunegunda alicheka mpaka akakohoa. “Kumbe unauliza ya chumbani! Sixbert, mdogo wake. Mume wangu alipokufa, ukoo ulimkalisha humu ili jina la kaka yake lisipotee. Ng’ombe wa mahari walitolewa na Fransisko, basi watoto ni wa Fransisko. Padre alininyima Komunyo miaka na miaka, parokia nzima ilijua. Na wewe, mtoto wa hapa hapa, ulitaka nikutangazie kwa kipaza sauti?”

“Nilijua, bibi. Niliuona msalaba. Nikanyamaza.”

Mikono ya Pamela ilisimama juu ya ungo. “Ukanyamaza kwa nini?”

“Kwa sababu wale watatu walikuwa ushahidi wangu mzuri. Wanaona vizuri, na alama hawana. Nikasema: tazama, ugonjwa ulipokosekana na alama imekosekana.” Natalia alitafuta maneno mepesi. “Chukulia watu wawili wanaosafiri kwa basi kutoka hapa. Kila ukiwaona, wameshuka pamoja Nakapanya. Baada ya safari nyingi unaamini kwamba wanakaa nyumba moja. Mimi niliongeza safari tatu za basi ambalo hawakulipanda. Babu Sixbert haumwi macho. Wanawe wasingeweza kurithi kwake ugonjwa asiokuwa nao, kwa hiyo hawathibitishi chochote.”

“Ukiwatoa?”

“Kipimo kinashuka mpaka mbili nukta mbili. Si mara elfu tena. Ni kama mara mia moja na hamsini.”

“Hiyo si bado nyingi?” bibi aliuliza.

“Inaelekea huko, bibi. Haijafika. Nilipaswa kwenda Nakapanya, anakoishi sasa babu Sixbert, nikampime tangu mwaka jana. Kipimo kilipovuka tatu, nikaona safari ile haina haraka.”

Mvua ilizidi kidogo juu ya bati. Pamela aliuweka ungo chini taratibu, kwa uangalifu mkubwa, na Natalia alitamani angeutupa.

“Kwa hiyo ugonjwa ninao, au sina?”

“Sijui. Alama unayo. Kama alama hiyo inatembea na ugonjwa, sina haki ya kusema bado.”

“Ulisema unayo. Ulisema kama unanitajia saa.”

“Ndiyo.”

“Dada Natalia, baba yangu haoni. Tangu nina akili najua kwamba kwangu ni nusu kwa nusu. Nusu hiyo nilikuwa nimeshaizoea. Nilimwambia Edwin kabla hajaleta posa. Alinyamaza siku mbili, akarudi akasema sawa, tutaishi na nusu. Wewe ndiye uliyemwondoa. Si macho ya babu.”

Natalia alifungua mdomo kuomba radhi, akaona radhi ingekuwa njia ya kutaka kufarijiwa.

“Na mshenga yule,” Bibi Kunegunda alisema, akilivuta blanketi magotini, “Polikarp wa Majengo, anapenda kuwahi. Anayetaka kusema neno aseme sasa. Mimi miguu inapata baridi.”

“Edwin ameshaumia, bibi,” Pamela alisema. “Anaweza kukataa.”

“Anaweza. Akatae yeye basi, kwa kinywa chake.”

Pamela alisimama akachukua mwavuli. Natalia alinyoosha mkono wenye funguo za gari. Pamela alizitazama.

“Nitatembea,” alisema.

Pamela alikwenda kwa miguu mpaka kwa Edwin, akamweleza yote, na hakumwomba kitu. Edwin aliomba wiki moja ya kufikiri. Polikarp alifika saa nane na nusu, akala wali, akaondoka mikono mitupu. Remmy, alipoelezwa, alisema Natalia asikanyage tena nyumbani kwake. Bibi Kunegunda alilala na blanketi. Natalia aliwaandikia wenzake kwamba kipimo ni mbili nukta mbili na kwamba alijua mapema kuhusu watoto wa Sixbert; wakamwondoa kwenye uongozi wa utafiti. Jumatatu alikwenda Nakapanya. Sixbert alikunja mkono wa shati, akatoa damu, akauliza kwa nini wamechelewa.